Shafti Isiyo na Picha

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tangu asubuhi. Mkaguzi wa kozi ya uhandisi amekuja, amekunywa chai yetu, ameangusha wanafunzi wawili. Wa kwanza alistahili. Wa pili ni Keeley Ormerod — na shafti yake, ule mhimili wa chuma wa kuzungushia mashine, ndiyo bora kuliko zote nilizopata kuona zikitoka kwenye mashine zetu za kukereza! Nilimpa mkaguzi maikromita, kile kipimo cha unene, apime mwenyewe. Hakuigusa. Akasema kwa upole kwamba vipimo havina shida. Kila hatua ya kazi lazima iwe na picha, na mwanafunzi aonekane akiifanya. Bila picha, kazi haikufanyika.

"Lakini shafti hii hapa mezani!"

"Naiona, Bwana Entwistle. Ila katika faili haimo."

Bila alama hiyo Keeley hapati cheti. Bila cheti, nafasi ya uanagenzi aliyoahidiwa na kiwanda cha vipuri vya ndege inakwenda kwa mwingine. Msichana huyu alifeli karibu kila somo kwenye mitihani ya taifa alipokuwa na miaka kumi na sita. Hiki ndicho kitu cha kwanza alichokiweza maishani mwake.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia. Nilitarajia alie; hakulia. Akauliza mbona wenzake wana picha. Nikamuuliza mbona yeye hana.

"Si wewe, Mwalimu? Siku ya kwanza kabisa! Simu isivuke mlango wa karakana, anayetaka kuchezea simu akauze chipsi. Wenzangu walikuwa wanaficha simu kwenye soksi. Mimi nikakutii. Mjinga mimi!"

Kamera ya shule je? Mbovu tangu Januari, na hakuna aliyejali. Sheria ni yangu. Nimeisimamia miaka mingi, na hakuna kidole kilichokatika humu. Ni sheria njema. Aliyeitii ni mmoja, na ndiye aliyeanguka.

Mke wangu Maureen, akipakua pai, aliniambia niandike tu kwamba nilimwona akifanya kazi. Sikumwona. Wiki ile nilikuwa nimelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyekaa karakanani, akisoma gazeti.

"Lakini unajua ni kazi yake," Maureen akasema.

Kujua si kuona. Sikula.

Jumatano, 11 Juni

Bi. Pickthall, makamu wa mkuu wa shule, amekubali Keeley arudie kazi, na picha azipige kwa simu yake. Mara moja tu. Nami nimetia saini kwamba nitasimamia bila kumwelekeza wala kumkumbusha lolote, hata kwa ishara. Nikashukuru. Ndipo akanieleza, huku akipanga kalamu zake, kwamba mashine zinaondolewa Ijumaa.

"Tuliambiwa Julai!"

"Wanunuzi wamepata lori mapema, Harold. Na kozi yenyewe haipo mwakani. Tunataka ukumbi wa mazoezi ya viungo."

Harold! Kwa habari mbaya tu ndiyo huniita hivyo.

Nimempigia Keeley. Kesho, nikasema. Akakata simu.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuja. Nilikuwa nimemwekea chuma tayari. Mama yake anasema amejifungia chumbani, hataki kusikia neno uhandisi, na kuna saluni inamtaka aanze Jumamosi kufagia nywele.

Nimekaa karakanani peke yangu mpaka mlinzi akaja kufunga. 

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja! Saa tatu, macho mekundu, nywele zimefungwa nyuma kama inavyopasa. Hakunisalimu.

"Usiniongeleshe, Mwalimu. Nitalia, halafu nitaharibu."

Wachukuzi walikuwa wamekwisha fika. Wameng'oa mashine ya kutoboa. Sakafuni imebaki alama nyeupe, kama kaburi jipya. Mkubwa wao, Duxbury, ananiita babu.

"Babu, huyo binti anachonga nini, pete ya harusi?"

"Shafti."

"Basi amwambie bwana harusi awahi. Lori hili linalipiwa kwa saa."

Nikamwambia kwamba swichi kuu ya umeme iko nyuma ya mgongo wangu, na mgongo huu una miaka sitini na minne. Akitaka, ausogeze mwenyewe. Wenzake walicheka. Wametoka nje kuvuta sigara.

Ninaandika hapa hapa nilipokaa, kwa sababu nisipoandika nitatazama, na nikitazama nitasema. Mikono yake inakwenda vizuri. Hana haraka. Chuma kinatoa utepe mrefu, laini, wa rangi ya bluu. Amesimamisha mashine, amepima, amefuta mafuta. Upande wa kwanza umekwisha, na ni safi — safi kabisa!

Sasa anakigeuza chuma aanze upande wa pili.

Hajapiga picha hata moja.

Simu imo katika koti lake. Koti limetundikwa nje ya mlango. Ameliacha huko kwa mazoea, kama alivyofanya miaka yote miwili. Akianza kukata upande wa pili, nafasi ya kuipiga picha hatua hii, yeye akiwa kazini, imepita. Chuma kingine hakipo. Siku nyingine haipo.

Nilitia saini. Hata kwa ishara.

Duxbury amerudi, amesimama mlangoni kando ya koti, anatazama saa yake.

Keeley amewasha mashine.

Nimekohoa. Mngurumo ni mkubwa; hakuinua uso.

Nimekohoa tena, kwa nguvu zaidi, nikilikazia koti macho.