Picha ya Mama Usiirekebishe

Mjukuu wangu Njeri,

Natumai baridi ya Kanada haijakulemea. Huku Mau Narok tuko salama. Mjomba wako amevuna viazi, na goti langu linanisumbua kidogo tu.

Uliniuliza kama unaweza kuirekebisha kwa kompyuta ile picha ya mama yangu, kwa vile uso wake hauonekani vizuri. Asante, lakini ngoja nikueleze.

Asubuhi hiyo nilikuwa naenda shule ya bweni. Mpiga picha kutoka Nakuru alikuwa akipita, baba akamwita. Alitupanga mbele ya nyumba, akatuambia tusitingishike kwa sababu filamu ilikuwa imebakisha picha moja. Alipokuwa anabonyeza, mama akanigeukia kuninyooshea kola.

"Mama, umetingishika," mpiga picha akasema.

"Mtoto hawezi kwenda shule hivyo," mama akamjibu.

Siku hizo hungeiona picha papo hapo. Ilisafishwa Nakuru, na ilipotufikia, mama alikuwa ameshafariki. Nililia kwa kuukosa uso wake. Nilikuwa tayari na watoto wangu siku nilipoitazama tena, nikaona mkono wake umetulia shingoni mwangu, wazi kabisa.

Kwa simu yako tungeifuta hapo hapo tukapiga nyingine. Kwa hivyo iache ilivyo. Ukija Krismasi piga picha nyingi upendavyo, lakini usifute hata moja kabla sijaiona.

Ni mimi shosho wako, ninayekuombea kila siku.