Plasta Tano Mgongoni mwa Mzee

Uko? Acha unachofanya.

Yule mzee wangu wa saratani, ninayemtembelea nyumbani kila wiki mbili. Leo nimemkuta amelala kwenye kochi, redio inaongea peke yake. Namwita, kimya. Nikahesabu pumzi. Sita kwa dakika. SITA.

Nikamfunua shati. Plasta tano mgongoni. TANO. Zile zenye dawa ya maumivu makali, jamii ya morfini, inayopenya ngozini. Mtu anabandikwa moja tu, siku tatu.

Na zimepangwa vizuri, mstari mmoja, kama vifungo vya koti.

Nazibandua huku napigia simu gari la wagonjwa. Mkewe yuko pembeni ananiambia polepole, nisimchune mume wake.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hamtoi za zamani?"

Akanionyesha ukutani. Karatasi. "Bandika mpya kila baada ya siku tatu." Mwandiko wangu. Nimepigia mstari kwa wino mwekundu. Habari ya kutoa ya zamani sikuandika popote.

Hospitali wamemchoma sindano, amezinduka. Neno lake la kwanza: "Nani kanivua shati?"

Daktari akauliza nani aliwaelekeza dawa. Mama akanishika mkono. "Nesi wetu huyu, daktari. Anaeleza vizuri, na sisi tunafuata kila neno."

Kila neno, mwenzangu.

Daktari akaitwa kwa mgonjwa mwingine kabla sijafungua mdomo. Karatasi niliing'oa ukutani wakati tunatoka, ninayo mfukoni. Nimesimama nje ya mlango wa daktari. Niambie niingie, kabla miguu haijanipeleka getini.