Simu Yangu Inasema Mia na Tisa, ya Shangazi Sabini na Nne

Mpendwa Bi Vika,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu nimepanga kwenda kwa ofisa wa mji kumshtaki shangazi yangu, dada yake baba, na wewe unajua kwetu maana ya kumshtaki shangazi, afadhali mtu avue nguo kanisani, lakini nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma na sioni njia nyingine ya kuyaokoa masikio ya mama yangu.

Majina nimeyabadilisha. Nimerudi nyumbani baada ya kumaliza chuo kule Auckland. Baba yuko Queensland kwenye mashamba ya ndizi, kwa hiyo tuko wawili tu, mimi na mama, na tangu niliporudi nimeona kuna kitu hakiko sawa. Namwita akiwa ameketi barazani, hajibu. Kanisani tunakaa kama tulivyokaa tangu utoto wangu, mama katikati, mimi kushoto kwake na shangazi kulia kwake, na nikimnong'oneza jambo anaendelea kutazama mimbari kana kwamba sipo, halafu shangazi anamnong'oneza lake na wote wawili wanacheka mpaka mabega yanatikisika. Nikishaanza kuamini kwamba anapoteza usikivu, tunapanda gari, mimi naendesha na yeye kiti cha abiria, na humo anasikia kila kitu, hata simu yake ikitetemeka ndani ya mkoba anaisikia kabla yangu. Sasa Bi Vika, mtu kiziwi anakuwaje kiziwi kwa binti yake tu? Niliwaza labda ananiigizia. Niliwaza labda shangazi amemjaza maneno juu yangu nilipokuwa mbali. Kila nilipowaza niliishia palepale, kwenye banda la shangazi.

Zamani kina mama wa kwetu walikuwa wakiponda magome ya kutengenezea kitambaa chetu cha ngatu nje, chini ya turubai, na sauti ilikuwa inakwenda zake baharini. Mwaka huu shangazi, nimwite Tokilupe, amejenga banda la bati, paa bati, kuta bati, gogo refu katikati, na wanawake wanaketi mstari mmoja kila mmoja na nyundo yake ya mbao, wanaponda kwa pamoja tangu umande haujakauka. Mwanawe wa kiume anaoa, na harusi inataka ngatu ndefu ya kutandika kutoka langoni hadi mlangoni, na sisi kwa kuwa ni nyumba ya kaka yake ndio wenye wajibu. Mama haruhusiwi kuchoka. Mama ndiye anayeshika mwendo wa nyundo, wakimkosa wanagongana. Nikajiuliza, kwa nini bati? Kwa nini mwaka huu? Kwa nini mama akae ndani zaidi na yeye Tokilupe akae kulia kwake, karibu na mlango penye hewa?

Basi nikapakua kwenye simu programu ya kupima sauti, ile inayoonyesha desibeli. Nilisoma kwamba kelele ikipita themanini na tano kwa siku nzima ya kazi masikio yanaanza kuharibika. Nikaenda bandani nikaiweka simu juu ya gogo lenyewe, jirani na nyundo ya mama, ili asitokee mtu wa kusema nilipima pikipiki za barabarani. Mshale ulikwenda mpaka mia na tisa. Nikapiga picha.

Ilaisaane, mmoja wa waponda, ambaye hawezi kukaa bila kutania, akasema, "Mwenzangu, nipimie na tumbo langu basi, linanguruma tangu asubuhi."

Wakacheka wote. Shangazi akaweka nyundo chini. "Njoo hapa, mwanangu. Kidude chako kinasemaje?"

"Kinasema mia na tisa, shangazi."

"Mia na tisa nini? Kuku?"

"Desibeli. Ni kelele ya kuua masikio."

"Haya. Na mimi nina simu." Akamwita mwanawe amwekee programu ileile, kisha akaichomeka simu mahali pake pa siku zote, kwenye mikunjo ya mkeka wa heshima anaojifunga kiunoni, na akawaambia wenzake waponde. Walipomaliza kipande kile cha gome akaitoa, akaisoma kwa mbali kama mtu anayesoma Biblia bila miwani. "Sabini na nne. Ya kwako imesoma Auckland, mwanangu, imejifunza kupayuka."

Banda zima likaangua kicheko, na mama naye akacheka, na hicho ndicho kilichonichoma. Ninaapa walipokuwa wakipima ya shangazi waliponda polepole. Nilimwona Ilaisaane akimkonyeza mtu. Usiku nikapakua programu nyingine, na kesho yake, simu ileile, gogo lilelile, ikanipa tisini na saba. Sasa nina namba tatu, na nimeanza kuishuku hata simu yangu. Nimepima friji. Nimepima mvua kwenye paa. Jumapili nilimpima mchungaji akiwa anaomba taratibu kabisa, nikapata themanini na nane, nikakaa kwenye benchi nikijiuliza ni nani kati yetu anayedanganya.

Wiki iliyopita nilishindwa kujizuia. Walikuwa wamepumzika wanakula, mama akaitwa na mtu aliyekuwa upande wa ndani, hakugeuka, na mimi nikasimama mbele ya wote nikasema, "Shangazi, unamfanya mama kiziwi kwa ajili ya harusi ya mwanao."

Shangazi alifunika chakula chake, akakunja mkeka wake wa kukalia, akatoka. Tangu siku hiyo wanaponda bila mama, na unawasikia kutoka kwetu jinsi wanavyogongana. Mama ameketi barazani kama mgonjwa. Nilipomwambia twende akapimwe masikio alisema, "Gogo linalia tangu enzi za bibi yako, na bibi yako alikufa akisikia inzi akitua. Hakuna kipimo kitakachoniingia. Na ukienda kwa ofisa wa mji na hiyo picha, mimi sina tena wifi katika dunia hii, na wewe utakuwa umeniondolea."

Bi Vika, ninampenda mama yangu. Je, picha yangu ya mia na tisa inatosha kuwa ushahidi? Au ninunue simu nyingine nipime tena? Na nitajuaje kama waliponda polepole?

Ni mimi,
Binti mwenye simu, Houma

JIBU

Binti wa Houma,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika.

Jumatatu usiende kokote. Picha yako si ushahidi wa kitu. Nimekaa mbele ya maiki za redio nusu ya maisha yangu, kwa hiyo hapa najua ninachosema. Maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno yako na ya mpenzi wako, haikutengenezwa kwa ajili ya nyundo. Sauti ikiwa kubwa sana simu nyingi huibana zenyewe, na pigo la ghafla kama la nyundo ndilo linalozichanganya kuliko yote. Simu hii na ile hazisikii sawa. Programu hii na ile hazihesabu sawa. Zipo programu zilizojaribiwa na wataalamu zikaonekana kukaribia kipimo halisi, lakini ni kwa simu zilizolinganishwa kwanza na chombo cha kweli, na yako hukuilinganisha na chochote isipokuwa hasira yako.

Na hata ingekuwa ya dhahabu, wewe uliiweka juu ya gogo! Mwanangu, gogo linapigwa na nyundo kumi na simu yako imelala juu yake. Ulichopima ni simu kupigwa. Naye shangazi yako akaizika ya kwake kwenye mkeka wa kiunoni, maiki imeziba kwenye mikunjo, ikasikia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Hakuna aliyeponda polepole. Hakuna aliyekula njama. Kukonyezana kwa Ilaisaane ni kukonyezana kwa Ilaisaane, kila kijiji kina wa kwake. Mlifanya kosa moja nyinyi wawili, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja akaiamini namba aliyokuwa anaitaka.

Sasa sikiliza, kwa sababu kuna jambo umeliandika bila kuliona, na ndilo lililonifanya nirudie kuisoma barua. Kanisani mama yako hakusikii, na wewe unakaa kushoto kwake. Shangazi anamsikia, naye yuko kulia. Kwenye gari anasikia mpaka mtetemo wa mkoba, na huku kwetu dereva hukaa kulia kwa abiria wake. Bandani shangazi yuko kulia, na yule aliyemwita kutoka ndani akakosa jibu alikuwa upande gani? Wa kushoto. Hakuigizii. Hajakuchukia. Sikio lake la kushoto lina shida.

Mimi si daktari, na sitakuambia ni nini. Ila najua kwamba kelele ya kazi kwa kawaida huyala masikio yote mawili, haichagui moja. Kwa hiyo huenda gogo halihusiki hata kidogo. Inaweza kuwa nta, inaweza kuwa jambo dogo la kuoshwa likaisha, inaweza kuwa jambo lisilotaka kungojewa. Muulize lilianza lini. Akisema aliamka asubuhi moja likawa limeziba, msilale na hilo hata siku moja, nendeni hospitali. Umepima friji, umepima mvua, umempima mtumishi wa Mungu katikati ya sala, aibu iliyoje, na sikio la mama yako bado halijapimwa na mtu.

Utasema amekataa. Ndiyo, amekukatalia wewe. Wewe ni binti yake, anaweza kukukatalia kuanzia leo mpaka harusi. Kuna mtu mmoja tu katika ukoo wenu ambaye mama yako hawezi kumwambia hapana, dada wa mumewe, na wewe ulimtukana mbele ya wanawake wakiwa wanakula.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumamosi utapika lu, majani ya magimbi na nyama ya kopo na tui zito, usibanie tui. Utavaa mkeka wako wa kiunoni vizuri, utakwenda kwa shangazi yako mchana ili watu wakuone, kwa maana ulimwaibisha watu wakiona. Utaketi chini. Hutaeleza desibeli. Utasema umekosa, kisha utanyamaza mpaka aseme. Atakuacha uketi muda mrefu, ni haki yake. Akishakula ndipo umweleze habari ya sikio la kushoto, kama nilivyokueleza mimi, na umwombe amwamuru wifi yake aende kupimwa. Nakuhakikishia hajui. Mtu anayekaa kulia siku zote atajuaje?

Habari ya banda usiitaje siku hiyo. Lakini sitakudanganya kwamba hukuwa na hoja. Bati pande zote na nyundo mstari mzima ni kelele, simu au bila simu. Siku watakapokuwa wamepatana, simama hatua moja kutoka kwa Ilaisaane wakiwa wanaponda na umwambie jambo. Akikusikia bila wewe kupaza sauti, sawa. Ikibidi upige kelele, basi sauti ya banda ni kubwa mno, na hapo si wewe wa kusema, mwache Ilaisaane aseme, ana mdomo. Waondoe mabati ya pembeni hewa ipite, na kila mwanamke apate viziba masikio. Mwanawe Tokilupe anaoa kwa jasho lao, anaweza kuvinunua yeye. Na mkipata mtu wa afya ya kazini mwenye kipimo cha kweli, mkaribisheni, mpeni chai.

Kuanzia leo kanisani kaa kulia kwa mama yako. Shangazi atasogea akishajua sababu.

Siku ya hospitali wewe ndiye utakayeendesha. Mama yako mketishe nyuma, upande wa kushoto ili sikio zima likuelekee, mzungumze kupitia kioo ukiwa umesimama kwenye foleni ya magari, awe anauona mdomo wako. Na shangazi atataka kiti cha mbele. Mpe.