Alama Chini ya Kiwiko

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Sijaambia mutu. Hata daktari. Hata Maître Kamikazi, avoka wangu, wakili wa kunitetea. Siku ile Munyaneza aliponishika kwa nguvu, nilimuuma — mukono wa kuume, chini ya kiwiko, mpaka nikaonja damu. Nilificha kwa aibu. Mi, mwenye kuogopa hata kuagiza sambusa! Lakini leo nafurahi. Natumaini alama imebaki. Ibaki mpaka afe.

Naandika Kiswahili juu tantine Verediane, shangazi yangu, kila akija anapekua mufuko wangu wa shule, na yeye anasoma Kinyarwanda tu. Munyaneza ni bwana yake.

Alhamisi, 10 Oktoba
Maître alinionyesha chumba cha tribunali. Jumanne, siku ya kesi, milango itafungwa, hakuna watu wa kusikiliza. Mi nitakaa nyuma ya rido, pazia nzito. Jina langu halitatajwa. Wakiniuliza juu ya nguo zangu ao vijana, jaji atakatisha.

Nikauliza: na yeye, atajificha? Akasema hapana, yeye atasimama mbele ya jaji.

Bon. Asimame. Avue shati.

Jumamosi, 12 Oktoba
Tantine amekuja na kreti ya Fanta na barua ya musamaha. Mama atie sahihi, mi nikae kimya Jumanne. Maître alishasema barua haifungi dosie ya kesi — ila bila maneno yangu itakuwa nyepesi.

Mama aliendelea kushona. Nyumba hii ni ya ukoo wa marehemu Papa, na tantine ni dada yake. Alitukumbusha. Halafu akalia: bwana yake anateseka gerezani, ameazibiwa vya kutosha, hata mbwa ilimuuma mukono wiki ileile, kabla ya kukamatwa.

Mbwa! Niliinamia vifungo vya shati nilivyokuwa nashonea Mama, nisicheke.

Mama akauliza, “Mbwa ya nani?”

“Ya njiani tu, wifi.”

Mama akaiweka barua chini ya makasi. Hajaikataa.

Jumapili, 13 Oktoba
Mama ameniomba bic. Ya kutia sahihi. Nimesema angoje kidogo.

Kandambili zake zinalia kwenye korido, anakuja. Siku zote nasukuma daftari chini ya godoro.

Leo siifichi. Mama alisoma Goma, Kiswahili anakijua kuliko mi. Nitamupa bic na daftari pamoja, imefunguliwa kwenye ukurasa wa Jumatatu. Amefika mulango —