Maji ya Wiki ya Makombora

Homestead, Florida
30 Oktoba 1962

Kwako Dada Verdell,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Natumaini miguu imeacha kukusumbua na baridi ya Detroit haijaanza ukali wake. Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea.

Najua ulihangaika. Tangu Rais alipotangaza kwamba Warusi wameweka makombora Cuba, hapa kwetu usingizi uliruka. Malori ya jeshi yalipita mfululizo, na dukani hata chumvi ilikwisha. Tuliambiwa tuhifadhi maji, basi jirani yangu Lucius Pettway akaja kunisaidia kujaza beseni la kuogea, maana bomba lilikuwa likitoa matone tu. Unamkumbuka, yule mgane wa mashamba ya machungwa, anayeniposa kila Krismasi, nami namjibu kwamba marehemu Amos bado hajapoa kaburini. Miaka tisa hajapoa!

Jumamosi ilikuwa mbaya kuliko zote. Zilivuma habari kwamba ndege yetu imepotelea Cuba, na mchungaji akapita nyumba hadi nyumba akituambia tupatane na tuagane. Lucius akamimina ndoo ya mwisho, akasema, "Earline, kama kesho hatupo, mimi sitaki kufa nikiwa jirani tu." Nikasema ndiyo. Ndoo ikamponyoka.

Jumapili tukiwa kanisani ikaja habari kwamba Warusi wanayaondoa makombora yao. Dada, tuliimba mpaka madirisha yakatetemeka! Nilishukuru kwa moyo wote. Lakini nakuungamia wewe peke yako: nililia, wenzangu wakadhani ni furaha tupu, kumbe nilikuwa nawaza kwamba sasa Lucius atanifungua na ahadi niliyompa.

Na kweli, alasiri akaja, kofia mkononi. Akasema ahadi ya hofu si deni, kwamba mimi niko huru, naye amekuja kunisaidia kuyamwaga yale maji tu. Akainama achomoe kizibo.

"Lucius Pettway," nikamwambia, "ukigusa kizibo hicho nitakutumbukiza humo na viatu vyako! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akakaa ukingoni mwa beseni, akalia kama mtoto.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Njoo na ile kofia yako ya zambarau, na shemeji umsalimie sana. Ukifika utaogea kwa Lucius. Beseni langu bado limejaa, na sijamruhusu mtu aliguse.

Mdogo wako akupendaye,
Earline