Pikapu ya Kumpeleka Tumpe

Jumatatu, 1 Aprili 1996

Kuandika nimekuzoea kwenye barua tu, basi naanza kwa salamu ingawa simwandikii mtu. Hapa Kisiba tu wazima. Baba Ambokile mzima, kikohozi tu cha baridi. Mkamwana wetu Tumpe mzima, tumbo limeshuka, miguu imevimba kidogo. Mwanangu Ambokile sijui. Yuko Tunduma na malori ya watu, siku nyingi hajaleta neno. Ng'ombe wazima. Kuku mmoja kaliwa na kicheche. Pikapu nayo nimeiamkia kabla ya kuwasha moto, kama kila siku. Nimefunua boneti. Maji ya rejeta yapo. Oili iko katikati ya alama mbili za kile kijiti. Mafuta ya breki yameshuka tena, yanakaribia mstari wa chini.

Sipendi.

Kupima nilimwona fundi wa Bulyaga siku walipoileta kutoka Dar, nikashika kichwani. Baba Ambokile ananicheka. Anasema mwanamke hupima unga.

Acha acheke. Mimi napima kwa ajili ya Tumpe. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni huku tunatafuta gari Kisiba nzima. Wakampasua. Safari hii masista wa hospitali ya Igogwe wamesema uchungu ukianza tu apelekwe, asijaribu nyumbani, kovu litafumuka. Kwa hiyo hili gari ndilo roho yake. Likilala, naye kalala.

Jumatano, 3 Aprili

Baba Ambokile kapeleka ndizi Tukuyu. Kanyeshewa njiani, waipa zikagoma. Fyuzi imekatika. Yeye kaizungushia karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, kairudisha. Waipa zikacheza. Karudi anapiga mluzi. Mimi nikaingiza kichwa kwenye gari nikasikia harufu ya kuungua. Si moshi. Harufu.

Nikamwendea Tumpe. Yeye kasoma mpaka kidato cha nne. Lakini kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso, ndiyo kutila. Mzee akija huku, Tumpe anapita nyuma ya migomba. Hawasemeshani hata kwa moto. Mchungaji kasema hayo ya kale yaachwe. Baba Ambokile ni mzee wa kanisa, na anasema mchungaji si wa huku. Basi mimi ndiye njia yao. Nachoka.

Tumpe kasema: "Mama, fyuzi hukatika ili waya usiungue. Akiweka ile karatasi haikatiki tena. Kitakachoungua ni waya, na gari."

Nikapeleka. Baba Ambokile kasema: "Mwambie aliyekutuma, gari hili limetoka Japani, halikutoka shuleni kwake."

Nikarudisha. Tumpe kacheka mpaka kashika tumbo. "Mwambie na yeye hakutoka Japani."

Hilo sikulifikisha.

Alhamisi, 4 Aprili

Baba Ambokile kaenda ibada ya Alhamisi Kuu. Tumpe katoka nikamwonyesha gari. Hakukubali kuingia. Kiti cha mkwewe, hata mwenyewe hayupo. Kasimama nje na kanga kichwani, manyunyu yanampiga, mimi ndani nimepiga magoti kama nasali. Kafuniko kako chini ya usukani, karibu na goti la kulia la dereva. Nikakavuta. Fyuzi zimejipanga kama meno ya mtoto.

Maandishi ya Kijapani, kama kuku kapita kwenye majivu. Lakini kuna vipicha. Taa. Honi. Waipa kama upepeo. Kapicha ka redio. Tumpe kanisomea akiwa nje dirishani. Nyekundu ni kumi. Buluu kumi na tano. Njano ishirini. Buluu huenda mahali pa buluu. Usiweke kubwa ati ndiyo uliyo nayo, itakuwa sawa na ile karatasi.

Nimeelewa. Kama kamba ya mbuzi. Heri ikatike kamba kuliko shingo.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimepasua boksi la sabuni nikalitandaza chini ya gari jana jioni. Leo nimelivuta. Katikati tone jeusi, dogo, hiyo oili, hainitishi. Nyuma upande wa kulia, karibu na gurudumu, doa lisilo na rangi. Nikaligusa. Linateleza. Maji hayatelezi hivyo. Nikapitisha kidole upande wa ndani wa gurudumu. Kumelowa.

Mafuta ya breki yanatokea hapo.

Baba Ambokile kasema ni mvua. Nikamwambia mvua haichagui gurudumu moja. Kakohoa, kaondoka. Nina hasira. Nimemenya ndizi na nyama yake.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Kristo kafufuka. Nimeimba na wenzangu, nawaza gurudumu.

Tumpe anasema mtoto kahangaika usiku kucha. Kuna wiki mbili bado, kwa hesabu ya kadi ya kliniki.

Nimemwambia Baba Ambokile sipiki mpaka gari liende kwa fundi. Kadhani utani. Jioni kala ndizi mbichi zilizochomwa, kachoma mwenyewe, zimeungua.

Jumanne, 9 Aprili

Tumeenda. Polepole, gia ndogo, nimeshika mlango njia nzima. Fundi wa Bulyaga anaitwa Jumanne, mtu wa swala, mpole. Kafungua gurudumu. Raba ya ndani imevimba kama kiazi kilicholowa. Kanusa kidole.

"Mzee, mmeongeza mafuta gani humu?"

Baba Ambokile kaangalia Mlima Rungwe.

"Haya ni ya injini," fundi kasema. "Oili ya injini huvimbisha raba za breki. Soma kifuniko, kimeandikwa yanayotakiwa."

"Mafuta ni mafuta."

"Basi kesho mzee wangu chai yako tia mafuta ya taa, si maji maji tu yote?"

Watu wa gereji wakacheka. Mimi nikajifunga kanga mdomoni. Fundi kaosha mabomba, kaweka raba mpya, Baba Ambokile kakanyaga breki, kaachia, kakanyaga, mpaka upepo ukaisha mabombani. Breki zinashika sasa. Roho imeshuka kidogo.

Ile karatasi ya fedha Baba Ambokile hakumwonyesha fundi. Nami nikanyamaza, nilimwonea huruma, alishachekwa vya kutosha. Kumbe vibaya. Tunarudi mvua ikaanza, kawasha waipa, na ile harufu ikaja. Kali kuliko juzi. Nikaweka kiganja juu ya kafuniko. Pa moto.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeitoa. Baba Ambokile yuko shambani. Nimeichomoa fyuzi na karatasi yake, plastiki imelainika upande. Nimeitupa jikoni motoni. Iliyoungua haina faida.

Sasa mahali pa waipa ni tundu. Jumamosi nitaenda Bulyaga ninunue ya buluu. Sijamwambia. Akijua atazungushia nyingine.

Mungu, shikilia mvua mpaka Jumamosi. Najua naomba nini, na naomba nikiwa wapi, huku kwetu mvua haipumziki.

Ijumaa, 12 Aprili. Igogwe

Naandika barazani. Nguo zangu bado mbichi. Tumpe yuko ndani, wamefunga mlango. Niandike, nisipoandika nitalia.

Leo asubuhi Tumpe alikuwa anachambua maharage, akaweka ungo chini. Kasema, "Mama, ndiyo." Mbingu nyeusi kama chungu. Nikatandika godoro nyuma ya pikapu, juu turubai. Mbele hawezi kukaa na mkwewe, tukapanda nyuma wawili, nimemshika. Baba Ambokile hakugeuka hata mara moja, kaingia mbele akiangalia pembeni.

Kufika juu, hatujagusa lami, mvua ikamwagika na ukungu juu yake. Gari likasimama. Nikajua. Nikasikia anapiga swichi, tak, tak. Nikasikia anafungua boneti.

Nikashuka. Nikamwambia nimeitoa mimi. Aliniangalia, sijawahi kuangaliwa hivyo miaka yote ya ndoa. Akarudi kuinama kwenye kafuniko chini ya usukani, nikasema tutumie ya buluu nyingine. Ipi? Nilijua rangi, hapo vipicha vyote vikanichanganyika. Nikichomoa ya taa itakuwaje kwenye ukungu? Nikarudi nyuma kwa Tumpe. Kasema, huku kauma meno, ya redio. Nikarudi mbele, nikasema ya redio, mvua inapiga bati na turubai, Baba Ambokile hasikii. "Ya nini?" Nikapiga kelele. "Nini?" Kashika nyekundu, ya honi, anaivuta. Tumpe huku nyuma akalia, kile kilio cha uchungu chenyewe. Nimesimama kwenye tope kati yao, sijui niende wapi.

Ndipo Tumpe akafunua turubai.

"Baba! Redio! Chomoa ya redio, Baba, weka kwenye waipa!"

Kwa mdomo wake. Kwa mkwewe. Mwanamke mmoja amejikinga mvua chini ya mgomba na mkungu wake kichwani, kashika mdomo.

Baba Ambokile kaganda. Mgongo tu naona. Kisha mkono ukaenda, ukachomoa ya buluu, ukaipachika. Waipa zikalala huku, zikalala kule.

Tukaja mpaka hapa bila redio. Redio ndiyo aliyokuwa anaringia.

Wazee wanasema mkamwana akimtamkia mkwewe hivyo mtoto hudhoofu. Mimi Mkristo. Naogopa vilevile. Kama kuna ubaya uje kwangu niliyetoa fyuzi, sio kwake.

Mlango bado umefungwa. Baba Ambokile yuko kwenye gari. Hajala.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Wa kike. Walimpasua, wakawahi. Sista kasema kovu lilikuwa limeanza kuachia, tungechelewa kidogo tu. Mtoto analia kwa nguvu, ana nywele tele. Tumpe kafumbua macho.

Ndaga, Mungu wangu. Ndaga fijo, asante sana. Sina maneno mengine.

Nimemwendea Baba Ambokile garini nikamwambia. Kainamia usukani. Nimemwacha.

Jumapili, 14 Aprili

Baba Ambokile haingii wodini. Analeta uji, anauacha kwa mlinzi wa getini, anaondoka. Sijui ana hasira na mimi au na Tumpe. Tumpe naye anauliza kwa macho. Mtoto kanyonya vizuri, lakini leo kapata joto kidogo nami nikafa kwa hofu. Likapoa saa sita.

Nasikia yule mwanamke wa mkungu ametembeza habari ile Kisiba nzima.

Jumatano, 17 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Tumpe amelala na mtoto chumba cha nyuma.

Dada yake Baba Ambokile kaja asubuhi, hakuomba hata maji. Kasimama uani, sauti ya kusikika mpaka ndani. Kasema kasikia mkamwana wetu kampigia mkwewe kelele barabarani. Je, kuku wa faini ya kutengeneza kosa hilo yuko wapi? Au siku hizi watoto wanazaliwa bila adabu?

Baba Ambokile alikuwa anafuta kioo cha gari. Hakuacha kufuta.

"Mvua ilikuwa kubwa siku ile, dada," kasema. "Mimi sikumsikia mtu."

Dada akasubiri. Baba Ambokile kahamia kioo cha nyuma. Akakaa, akaomba chai.

Huko ndani Tumpe hakulala, nilipoingia nimemkuta machozi yanaingia masikioni. Nikamfuta na upindo wa kanga.

Jina bado. Baba Ambokile anasema hatatoa jina mpaka baba wa mtoto alete neno. Nimempa dereva wa basi la Tunduma ujumbe. Ambokile, popote ulipo, una binti, mama yake mzima. Jibu upesi. Hatuwezi kumwita "huyu" kila siku.