Kengele Iliyolia Bila Msiba

Mtaa wa Ramadhani,
Njombe.
18 Mei

Mpendwa kaka Efraimu,

Kamwene, kaka! Mnaendeleaje huko Mwanza, wewe, wifi Eveline na watoto? Sisi ni wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Mama yuko hapa kwangu, anakula vizuri na anagombana na redio. Kwa hiyo tulia kwanza, halafu usome.

Ni kweli ulivyosikia: mlima umeporomoka kijijini na jiko la Mama limefukiwa lote. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga cha pwani kitatuletea mvua kubwa. Mtendaji wetu wa kijiji, Telesia, alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wa bondeni wahamie kanisani kule juu. Alihangaika sana yule dada, sitamsema vibaya. Lakini lori aliloahidiwa na wakubwa wake halikuja, na nani ataacha nguruwe wake kwa maneno matupu? Mama alimjibu kwamba mvua ameizoea tangu utoto. Mimi nilimbembeleza kwenye simu mpaka nikalia, akanikatia.

Jumatano hiyo alasiri Telesia akamwomba mzee Ebeneza apige kengele ya kanisa kuwaonya watu. Ebeneza akaipiga kama alivyozoea, polepole, na kwetu unajua kengele ya Jumatano ni msiba tu. Basi wakatoka wote, kaka! Kina mama na kuni, unga, sufuria, mablanketi ya kulalia msibani. Mama naye akajitwisha kuni zake akapanda. Kufika mlangoni akauliza, "Nani amefariki?"

"Bado hakuna, mama," Telesia akamjibu. "Ndiyo maana tumekuita."

Alinuna, lakini hakurudi. Kabla giza halijaingia mlima ukaporomoka, na hakufa hata mtu mmoja. Nikikumbuka nashukuru, halafu hasira inanipanda, maana tumepona kwa bahati. Kutuondoa kwenye hatari ni kazi ya serikali, si ya bahati.

Lori lilifika kesho yake na misaada. Kwenye mkutano Mama alisimama akawauliza wakubwa kama huwa wanasubiri tufe ndipo wawashe gari. Sasa wamekubali lori likae kijijini msimu wote wa mvua, na viwanja vya juu vimeanza kupimwa. Nje ya ofisi ya kijiji imetundikwa rimu ya gari, itakayogongwa kwa hatari tu. Mama ni mjumbe wa kamati ya maafa, na ameshaanza kuringa.

Kwa hiyo ile habari ya kumhamishia Mwanza, kaka, iache. Anataka kujenga karibu na kanisa. Njoo Desemba, mabati tutayafuata Makambako pamoja.

Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na binamu Danieli umsalimie ukimwona. Mungu awafunike popote mlipo.

Mama anasema nikuandikie hivi: rimu ikilia atakimbia bila kuuliza. Lakini kuni atabeba tu, maana hata wasiofiwa wanakula.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Tabea